Kipimo cha Pumzi na Mizani Yake

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, na nchi hiyo ni ya mawe. Avunjaye jiwe huvuta vumbi lake. Apikaye kwa kuni ndani ya tembe huvuta moshi wake. Kaskazini-magharibi, huko Iramba, yalifunguliwa zama za Wadachi machimbo ya Sekenke, na dhahabu yake ilipigwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15. Dhahabu ina mizani isiyomjali mchimbaji wake. Je, pumzi ya mchimbaji hupimwa kwa mizani gani?

Chombo cha kazi hiyo huitwa spiromita. John Hutchinson, tabibu wa London, alikieleza kwa watu mwaka 1846. Kilikuwa mfano wa kengele iliyofudikizwa majini: mtu alipopuliza, kengele ilipanda, na kupanda kwake kulionyesha kiasi cha pumzi. Hutchinson alipima watu zaidi ya 2,000, mabaharia, polisi, mafukara na waungwana, akaona kuwa pumzi huongezeka kwa kimo. Alitumaini kuwa chombo kitafichua kifua kikuu mapema na kuyafaa makampuni ya bima ya maisha. Mwaka 1852 yeye mwenyewe alihamia Australia, wakati wa homa ya dhahabu.

Mwaka 1947 Mfaransa Robert Tiffeneau alionyesha thamani ya kupima pumzi itokayo kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Kisha ikaja kompyuta. Sasa mgonjwa hubanwa pua, huvuta pumzi hadi mwisho na kupuliza kwa nguvu, mara tatu au zaidi. Chombo hupiga hesabu chenyewe, huonya juu ya mpulizo dhaifu, na hutoa jibu kwa asilimia.

Lakini asilimia ya nani? Mwaka 1869 Benjamin Gould wa Marekani alitangaza vipimo vya askari weupe na weusi. Watu ambao wengi wao walikuwa watumwa jana walilinganishwa na watu waliozaliwa huru, na upungufu wao ukahesabiwa kuwa wa asili. Fikira hiyo ilidumu hata ikaingia vyomboni: kiasi kilichotarajiwa kwa mtu mweusi kilipunguzwa kwa asilimia 10 hadi 15.

Tuseme kiasi kinachotarajiwa ni lita 4, na mvunja mawe ametoa lita 3. Hiyo ni asilimia 75, chini ya mpaka wa 80 uliotumika miaka mingi. Basi ni mgonjwa. Lita 4 zikipunguzwa kuwa 3.4, lita zake zilezile 3 huwa asilimia 88. Basi ni mzima. Kifua hakikubadilika, mizani ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 2012 kanuni za kimataifa ziliwagawa watu bado kwa makundi ya asili. Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walishauri mgawanyo huo uachwe. Hata hivyo uamuzi huo una pande mbili: mpaka ulioinuliwa hufichua ugonjwa mapema, lakini huweza pia kumfungia mtu mlango wa kazi.

Mvunja mawe wa Unyambwa akiwekwa mbele ya chombo hicho, apimaye ana wajibu wa kuuliza kwanza ni pumzi za nani zilizofanywa jiwe la mizani. Mashine hujua kuhesabu. Haki ya hesabu ni kazi ya mwanadamu.