Changamoto ya picha ya kila wiki

Changamoto ya picha ya kila wiki ni zoezi la upigaji picha ambamo washiriki hupewa mada moja kila juma, hupiga picha inayoieleza mada hiyo, kisha huionyesha kwa wenzao kabla ya mada inayofuata kutolewa. Hutofautiana na shindano la kawaida kwa sababu mara nyingi haina mshindi wala zawadi. Lengo lake ni kumzoeza mpiga picha kutazama, na kumpa la kupiga anapokosa wazo. Mzunguko wa mwaka mmoja una mada 52.

Historia

Kabla ya intaneti, vilabu vya wapiga picha viliwapa wanachama mada ya kufanyia kazi hadi mkutano uliofuata. Utaratibu huo ulienea zaidi kwa kamera za dijitali, ambazo ziliondoa gharama ya filamu na ya kusafisha picha, na kwa tovuti za kushirikishana picha kama Flickr (2004) na Instagram (2010). Kwa miaka kadhaa Instagram yenyewe iliendesha mradi wa mwisho wa juma, ambao mada yake ilitangazwa siku ya Ijumaa na picha kukusanywa kwa alama ya reli moja.

Zipo changamoto za muda mrefu zaidi. Wikimedia Commons ina changamoto ya kila mwezi. Wiki Loves Africa, iliyoanza mwaka 2014, ni shindano la bara zima lenye mada moja kwa mwaka: mwaka 2014 ilikuwa vyakula, 2016 muziki na ngoma, na 2017 watu kazini.

Utaratibu

Vifaa havina masharti. Simu yenye kamera yatosha. Kanuni za kawaida ni mbili: picha ipigwe ndani ya juma lenyewe, isichukuliwe kutoka akiba ya zamani, na kila mshiriki atoe picha moja tu. Kuchagua moja kati ya nyingi ni sehemu ya mafunzo.

Mada huwa za aina tatu:
- za vitu, kama mlango, maji au chuma;
- za ufundi, kama kivuli, mwendo au rangi moja;
- za fikra, kama subira au nyumbani.

Mfano wa Ufipa

Mazingira ya Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania, yanaonyesha jinsi mada zinavyoweza kufanyiwa kazi mahali pamoja kwa mwaka mzima. Nyanda hizi za juu ziko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji mkuu wa mkoa, Sumbawanga, uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Jina lake hufafanuliwa kuwa na maana ya "tupa uchawi" kwa Kifipa, na wengi wasiowahi kufika huujua mji kwa masimulizi hayo kuliko kwa sura yake. Picha za kila juma zinazopigwa na wenyeji huonyesha maisha ambayo masimulizi hayo huyaacha nje: soko, shamba, shule na barabara.

Kwa mada ya mwanga, saa ni muhimu. Sumbawanga iko magharibi mwa nchi, hivyo jua huchomoza na kuzama takriban nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwanga laini wa asubuhi hupatikana karibu na saa 1, na Juni na Julai huja pamoja na baridi kali.

Mada ya rangi hubadilika kwa majira. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mteremko uleule ulio kijani mwezi Januari huwa wa nyasi kavu mwezi Agosti.

Mada ya maji yaweza kumpeleka mtu kwenye maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, lakini foleni ya ndoo bombani huijibu vilevile. Mada ya chuma yaweza kujibiwa na fundi baiskeli, au na malungu, matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kuyeyushia chuma. Kazi hiyo iliachwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na udongo wa matanuri yaliyobaki humomonyoka kwa mvua. Picha iliyopigwa kama zoezi la juma huweza hivyo kubaki kuwa kumbukumbu ya kitu kisichokuwepo tena.

Faida na ukosoaji

Mada finyu hupunguza kusitasita, na tarehe ya mwisho humlazimisha mshiriki kumaliza kazi. Picha zikipangwa kwa mfuatano, huonyesha pia maendeleo yake. Wakosoaji husema kwamba baadhi ya washiriki hupiga ili kutimiza idadi au kupata sifa mtandaoni, na kwamba mada za jumla huzaa picha zinazofanana.

Sheria na maadili

Nchini Tanzania picha hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Kwa kawaida mpiga picha huomba ridhaa kabla ya kumpiga mtu kwa karibu. Kwa mtoto, huiomba kwa mzazi au mlezi.