Mgongo Kwanza, Tandiko Baadaye: Historia ya Kumpimia Farasi Tandiko

Tandiko la farasi ni kiti kinachofungwa mgongoni mwa mnyama ili kumbeba mpandaji, lakini katika historia yake ndefu kazi yake kubwa haikuwa kumkalisha mtu kwa raha, bali kuuondoa uzito wake mahali ambapo farasi hawezi kuubeba na kuupeleka mahali anapoumudu. Uti wa mgongo wa farasi una miiba ya mifupa inayoelekea juu, ambayo haikufunikwa na nyama ya kutosha, na pale shingo inapokutana na mgongo miiba hiyo hurefuka na kufanya kiinuko kati ya mabega. Pembeni mwa uti huo, kinyume chake, imelala misuli minene juu ya mbavu, nayo ndiyo inayostahimili mzigo. Kwa kuwa migongo hutofautiana kwa upana, urefu na umbo, kila farasi mpya huleta swali lile lile: je, tandiko lililopo linamfaa yeye, au lilimfaa yule aliyemtangulia tu?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa zamani sana. Wagiriki wa kale walipanda farasi watupu au waliotandikwa kitambaa, na Xenophon, aliyeandika juu ya sanaa ya kupanda farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alimzungumzia mpandaji wa namna hiyo. Huko Asia ya Kati, hata hivyo, ufundi ulikuwa umekwisha kupiga hatua. Katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turpan magharibi mwa China, wachimbuaji walikuta tandiko la ngozi lililozikwa pamoja na mwanamke, likiwa limewekwa kana kwamba ameketi juu yake, na vipimo vya umri vinalirudisha kati ya mwaka 724 na 396 kabla ya Kristo. Tandiko hilo lilishonwa kwa ngozi ya ng'ombe, likawa mito miwili iliyojazwa majani makavu pamoja na manyoya ya kulungu na ya ngamia, na kati ya mito hiyo likaachwa pengo. Pengo hilo linaonyesha kwamba aliyelishona alijua uti wa mgongo haupaswi kukaliwa, na kwamba kila upande wa mgongo unapaswa kubeba sehemu yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kiunzi, yaani mifupa ya ndani ya tandiko, iliyotengenezwa kwa mbao, ambayo huunganisha mbao mbili za pembeni kwa matao ya mbele na ya nyuma. Umuhimu wake ulidhihirika zaidi baada ya kuenea kwa vikuku, vile vipete vya kukanyagia, ambavyo mifano iliyo wazi ya jozi zake imepatikana katika makaburi ya karne ya 4 baada ya Kristo kaskazini mashariki mwa China. Mpandaji aliyesimama katika vikuku huuelekeza uzito wake wote pale mikanda yake inaponing'inia, na bila kiunzi cha kuutawanya uzito huo, sehemu mbili ndogo za mgongo zingeelemewa. Lakini suluhisho hilo lilizaa tatizo jipya, kwa sababu mto laini hujikunja kufuata umbo la mnyama, ilhali mbao haikunjiki: kiunzi chembamba kikiwekwa juu ya mgongo mpana hubana mabega, na kiunzi kipana kikiwekwa juu ya mgongo mwembamba huteremka hadi kugusa kiinuko.

Kwa muda mrefu mafundi waliotengeneza tandiko kwa kuagizwa waliweza kulirekebisha tatizo hilo, kwa kuwa fundi aliyemwona farasi aliweza kuongeza au kupunguza sufu iliyojazwa ndani ya mito ya chini. Katika karne ya 19, hata hivyo, mji wa Walsall nchini Uingereza ulikuwa umekuwa kitovu cha biashara ya matandiko yaliyouzwa mbali na mji wenyewe, na majeshi makubwa yalihitaji matandiko ya muundo mmoja kwa maelfu ya farasi ambao fundi hakupata kuwaona. Nchini Marekani jeshi lilipokea mwaka 1859 tandiko lililobuniwa na George B. McClellan, ofisa aliyekuwa ametumwa Ulaya kuchunguza majeshi wakati wa Vita vya Crimea. Tandiko hilo lilikuwa jepesi na la gharama nafuu, na lilikuwa na uwazi mrefu katikati juu ya uti wa mgongo, lakini mbao zake hazikuweza kubadilika pale farasi alipokonda vitani.

Gharama ya kutomjali farasi mpya ilionekana waziwazi katika Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 huko Afrika Kusini, ambamo zaidi ya farasi 300,000 wa upande wa Waingereza walikufa. Wengi walisafirishwa kwa meli kutoka nchi za mbali, zikiwemo Argentina na Marekani, wakapelekwa vitani kabla ya kuzoea nchi, wakafanyishwa kazi kupita kiasi kwa chakula haba. Njaa na uchovu ndivyo vilivyowaua wengi, lakini vidonda vya mgongo vilifuata mkondo huo huo, kwani misuli iliyosinyaa iliacha mifupa wazi chini ya tandiko. Mgandamizo wa muda mrefu huzuia damu kufika kwenye ngozi na nyama, nyama hiyo hufa, na kidonda kilichochimba juu ya kiinuko huweza kuchukua miezi kupona.

Daktari wa mifugo wa jeshi la Uingereza, Frederick Smith, alikuwa ameshaandika mwaka 1891 kitabu kizima kuhusu matandiko na vidonda vya mgongo. Mafundisho ya aina hiyo yalijengwa juu ya kanuni chache: kiinuko kisibanwe wala kukandamizwa, mifupa ya mabega iachwe icheze kwa uhuru, uti wa mgongo usiguswe, na uzito uwekwe juu ya mbavu kupitia misuli inayozifunika. Blanketi lililokunjwa chini ya tandiko liliongezewa mikunjo kadiri mnyama alivyokonda, na baada ya safari mkono ulipitishwa mgongoni kutafuta uvimbe au joto lisilo la kawaida. Tandiko la jeshi hilo la mwaka 1912 lilizitia kanuni hizo ndani ya chuma chenyewe, kwani mbao zake za pembeni ziliungwa kwa bawaba zilizoziwezesha kufuata mteremko wa mgongo uliokuwa chini yake.

Leo mafundi wa kupima matandiko huchora umbo la mgongo kwa waya laini unaopindika, na wengine hutandaza mkeka wenye vihisio unaoonyesha mahali uzito unapokusanyika, lakini wanachokitafuta ni kile kile alichokitafuta mshonaji wa Yanghai. Hivyo basi, anayenunua farasi mpya hatendi haki akimvika tandiko la farasi wa zamani kwa sababu tu ni zuri au limegharimu fedha nyingi. Inampasa kulijaribu juu ya mnyama mwenyewe, akiwa amesimama na akiwa anatembea, na kulipima tena farasi huyo anaponenepa, anapokonda au anapojenga misuli, kwa kuwa tandiko lililomfaa mwanzoni mwa mwaka laweza kumuumiza kabla mwaka haujaisha, naye hana namna ya kulivua.