KeePass

KeePass ni programu huria ya kompyuta inayotunza nywila (au maneno ya siri) na taarifa nyingine nyeti. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na Dominik Reichl, mtaalamu wa programu kutoka Ujerumani, kwa ajili ya Windows. Hutolewa bure.

Nywila zote huwekwa katika faili moja ambalo hubaki kwenye kompyuta ya mtumiaji. Programu yenyewe haina seva wala akaunti ya kujisajili. Faili hilo lote husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa data isiyosomeka bila ufunguo, kwa njia ya AES au ChaCha20. Kinachofichwa si nywila peke yake, bali pia majina ya watumiaji, anwani za tovuti na maelezo. Jambo hili si dogo: wezi waliponakili data za wateja wa huduma ya LastPass mwaka 2022, nywila zilikuwa zimesimbwa lakini anwani za tovuti zilisomeka wazi, hivyo waliweza kujua nani ana akaunti wapi.

Faili hufunguliwa kwa nywila kuu. Mtumiaji anaweza kuongeza faili la ufunguo, ambalo ni afadhali litunzwe mahali pengine, kwa mfano kwenye flashi. Kabla ya kutumika, nywila kuu hupitishwa katika hesabu nzito. Tangu mwaka 2017 KeePass inaweza kutumia Argon2, ambayo hudai muda na kumbukumbu nyingi ya kompyuta kwa kila jaribio. Mwenye faili husubiri kitambo kidogo tu, lakini mwizi anayebahatisha mamilioni ya nywila hucheleweshwa sana. Hata hivyo, nywila kuu fupi kama "123456" haiokolewi na hesabu yoyote.

Akiisahau, hakuna njia ya kuirudisha. Hata Reichl hawezi kufungua faili la mtu. Kwa hiyo kuiandika kwenye karatasi na kuifungia kabatini si uzembe kama wengi wanavyodhani. Nakala ya faili nayo ihifadhiwe nje ya kompyuta, kwani diski ikiharibika nywila zote hupotea pamoja nayo.

Programu ina mipaka. Nywila iliyonakiliwa hufutwa kwenye ubao wa kunakilia baada ya sekunde chache, lakini kompyuta yenye programu hasidi inayorekodi vibonyezo vya kibodi haiaminiki tena. Mwaka 2023 iligundulika kwamba nywila kuu iliyochapwa ndani ya KeePass iliacha mabaki katika kumbukumbu ya kompyuta, kiasi cha kuweza kuunganishwa upya karibu yote, isipokuwa herufi ya kwanza. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka huohuo katika toleo 2.54.

Watu wengine wametengeneza programu zinazosoma mafaili yaleyale, zikiwemo KeePassXC ya Linux, macOS na Windows, na KeePassDX ya simu za Android.