Taulo za kike: kazi ya nyuzi za mti
NEWALA, juu ya Uwanda wa Makonde, imejulikana miaka mingi kwa uhaba wa maji. Kitambaa cha hedhi huhitaji maji ya kukifulia. Taulo ya kutupwa haihitaji.

Ndani ya taulo nyingi mna nyuzi za msonobari. Vipande vya mbao huchemshwa katika kostiki soda na salfaidi ya sodiamu ili kuondoa lignini, gundi ya asili ya mti, kisha nyuzi hupaushwa. Baadhi hutiwa asidi ya sitriki, iliyomo pia katika limau, na kuokwa. Hivyo hubaki imara zikilowa, na majimaji hupata nafasi ya kupita.

Serikali iliondoa VAT kwenye taulo hizo mwaka 2018, ikairejesha 2019 kwa hoja kwamba bei haikushuka. Kwa wasichana wa Masasi na Newala, bei ndiyo huamua.