Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed (Dar es Salaam, Juni 1926 – Johannesburg, 5 Novemba 2000) alikuwa mwanasiasa na mpigania uhuru wa Tanganyika, kiongozi wa kwanza wa kitengo cha wanawake cha TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, na mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT). Ukimwondoa Julius Nyerere, ni vigumu kumtaja kiongozi mwingine wa TANU ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia watu wengi kama yake nchi ilipopata uhuru mwaka 1961.

Alizaliwa katika familia ya Kiislamu na akasoma hadi darasa la nne. Kabla ya siasa alijulikana mjini kwa uimbaji: alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma ya lelemama. Vikundi vya aina hii vilikuwa vingi Dar es Salaam, na wanawake wake walivaa sare, wakashindana kwa nyimbo, wakaalikwa harusini na kusaidiana katika shida. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, na kiongozi akiita, watu walikuja. Ndani ya kikundi kimoja walikutana wanawake wa makabila mbalimbali, wakiunganishwa na mtaa, dini na Kiswahili. Umoja ambao TANU iliuhubiri majukwaani, wao walikuwa tayari wanauishi.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, lakini mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo makarani na walimu wa serikali, ambao ndio waliotazamiwa kukijaza chama, walilazimika kukaa pembeni. Juni 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Hawakuwepo. Ndipo Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa chama mjini, alipomfuata Bibi Titi amwombe awakusanye wanawake. Mumewe alikuwa mwanachama tayari, na yeye akachukua kadi namba 16.

Namna alivyoifanya kazi hiyo ndiyo inayoeleza kipaji chake. Hakungoja watu wafike ofisini. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa viongozi wa ngoma, akawaomba wawaite wanachama wao, naye akasema nao kwa lugha ya mtaani. Tarehe 8 Julai 1955 wanawake wapatao 400 walikusanyika katika Ukumbi wa Arnautoglu, na kitengo cha wanawake kikazaliwa. Miongoni mwa waliosimama naye mapema alikuwa Tatu binti Mzee. Oktoba mwaka huohuo Oscar Kambona, katibu mwenezi wa chama, aliwaandikia marafiki wa TANU mjini London kwamba wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kujiunga.

Wengi wa wanawake hao walikuwa watu wazima waliojitafutia riziki kwa kuuza maandazi na vitumbua au kupika pombe, na si wachache waliokuwa wameachika. Hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza kazi. Kwa hiyo waliuza kadi, wakachanga fedha na kuandaa mapokezi, hata pale wanaume wenye mishahara walipoogopa kuonekana mkutanoni. Bibi Titi alizunguka majimboni pamoja na Nyerere, na mara nyingi yeye ndiye aliyeanza kuhutubia, akiwaambia akina mama kwamba wao ndio waliozaa nchi na hawapaswi kuogopa. Kuwaita wanawake hawa wasindikizaji wa harakati, kama ilivyofanywa kwa muda mrefu, ni kuwadhulumu.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo, na UWT ilipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake. Kuanzia hapo mambo yaligeuka upesi. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana karibu kila jimbo kwa alama za jembe na nyumba, alishindwa Rufiji. Februari 1967 Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, tena alizijenga kwa mkopo, na kwake zilikuwa kinga ya mwanamke asiye na pensheni wala elimu ya kumpatia kazi nyingine. Alijiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu. Lengo la Azimio, kuzuia viongozi wasigeuke mabwana, lilikuwa la haki, lakini halikupima tofauti kati ya tajiri na mama aliyejiwekea akiba ya uzeeni.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, waziri wa zamani, na maofisa kadhaa wa jeshi, wakituhumiwa kupanga kuipindua serikali. Kambona, aliyekuwa uhamishoni London, alitajwa kuwa kinara. Kesi ya uhaini ilianza 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, na shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Bibi Titi, mwanamke pekee kizimbani, alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 Rais Nyerere akamsamehe.

Alirudi uraiani akiwa ametengwa. Mumewe alikuwa amemwacha, marafiki wengi wa kisiasa hawakumkaribia, na kwa miaka mingi jina lake halikusikika katika hotuba za sikukuu za taifa. Mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alimhoji kwa kina, kisha akawahoji wanawake wenzake wa harakati, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichotokana na masimulizi yao. Katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, Bibi Titi alitajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa wa nchi. Barabara kuu ipitayo kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, imepewa jina lake. Alifariki hospitalini Johannesburg alikopelekwa kwa matibabu.