Salme: Bintimfalme aliyejifunza kuandika kwa siri

Hakuna mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili asiyemjua Mwana Kupona. Mwaka wa 1858 bibi huyo, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa kumwusia bintiye namna ya kuishi na Mungu, na mume na watu. Wakati huo huo kule Unguja palikuwa na msichana wa miaka 14, binti wa Seyyid Said, yule yule sultani aliyepigana na Bwana Mataka. Msichana huyo pia alikuwa amekwisha kushika kalamu, ila yeye alikuwa ameishika kwa siri.

Jina lake Salme. Alizaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, na mamake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi za Kaukasi. Jumba hilo lilikuwa soko la lugha. Mbele ya Sultani kilisemwa Kiarabu peke yake, lakini akigeuka tu, ungesikia Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na Kiswahili vikipishana uani.

Watoto wa sultani walisomeshwa Kurani, wavulana na wasichana. Kusoma kuliruhusiwa kwa wote. Kuandika, la! Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume, na msichana anayejua kuandika alionekana mtu wa kutiliwa shaka. Basi Salme akawa anachukua msahafu na kunakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi siku hizo. Alipohitaji mtu wa kumsahihisha hati, alimwomba mtumwa mmoja aliyesoma. Mambo yalipofichuka alisemwa sana, lakini wapi! Hakujali.

Ujuzi huo haukukawia kumponza. Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856 na Majid akatawala Unguja. Mwaka wa 1859 ndugu yao Barghash alipanga kumpindua. Salme, kwa mapenzi yake kwa dada yao Khole, akaingia upande wa Barghash. Miongoni mwa mabibi wale yeye ndiye aliyejua kuandika, kwa hivyo msichana wa miaka 15 akawa katibu wa uasi: barua za kuwavuta wakubwa na za kuagiza silaha zilipita mkononi mwake. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme alisalimika, kwani Majid hakuwa mtu wa kisasi. Baadaye alipopatana na Majid, Khole na wenzake wakamwona msaliti. Akabaki katikati, huku si kwake na huku si kwake.

Katika upweke huo alifahamiana na jirani yake mjini, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Mwanamume Mwislamu angeweza kuoa Mkristo; mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo lilikuwa jambo lisilosameheka. Naye alikuwa tayari mjamzito. Usiku mmoja wa Agosti 1866 alipanda manowari ya Uingereza, Highflyer, akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi sana. Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Ruete siku iyo hiyo.

Huenda msomaji akadhani kwamba Ulaya ilimpa uhuru. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1870, Ruete aliumia katika ajali ya tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Sheria za Hamburg hazikumruhusu mjane kusimamia mali yake bila wasimamizi wa kiume. Mwanamke aliyekuwa na mashamba yake Unguja akawa anahesabiwa kama mtoto! Ikabidi arudi kwenye ujuzi wake wa zamani: akafundisha Kiarabu, na mwaka wa 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kitabu hicho kinahesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya mwanamke Mwarabu kuchapishwa.

Hata hivyo, tusimpake Salme mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa wa Unguja na kuwalaumu Wazungu waliotaka kuukomesha. Mtumwa alimwelekeza kuunda herufi, naye akazitumia herufi hizo kuutetea utumwa. Mwaka wa 1885 alikubali kurudi Unguja na meli za Bismarck, akitumaini kupata urithi wake. Barghash, ambaye sasa ndiye sultani na ambaye zamani alimwandikia barua za uasi, alikataa katakata kumwona. Wajerumani walipokwisha kupata walichotaka bara, madai ya Salme wakayaweka kando. Alikuwa karata tu mikononi mwao.

Alifariki Jena mwaka wa 1924, akazikwa Hamburg. Inasimuliwa kuwa alizikwa na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja. Jumba la makumbusho mjini Zanzibar lilimtengea chumba.

Je, nasi wapenzi wa Kiswahili tumemtengea nafasi gani? Mwana Kupona tumemweka katika silabasi, na ni haki yake. Lakini anayesoma wasia wa mama wa Siyu angefaidika kumsoma pia binti wa Mtoni, aliyevunja takriban kila wasia wa aina hiyo na kulipa gharama yake. Mmoja atuonyeshe jamii ilivyotaka mwanamke awe, mwingine atuonyeshe yaliyompata aliyekataa. Na tunapomsoma Salme tumkumbuke pia yule mtumwa aliyemfunza hati. Yeye naye alijua kuandika, lakini kitabu chake hatuna.