Nguvu na Uimara katika Bastola Kubwa za Marekani

Katika mwaka 1847, Marekani ikipigana na Meksiko, Samuel Colt alitengeneza, kwa shauri la Kapteni Samuel Walker, bastola ya risasi sita iliyozishinda kwa nguvu zote zilizoitangulia. Ilipata uzito wa kilo mbili, na kila tundu la silinda yake lilichukua karibu gramu 4 za baruti. Bastola 1,000 zilipelekwa jeshini, zikabebwa katika matandiko ya farasi, maana kiuno cha mtu kisingezistahimili. Nyingi zilipasuka silinda. Walikuwako waliowalaumu askari kwa kushindilia baruti kupita kiasi. Lakini hatia kubwa zaidi ilikuwa ya chuma chenyewe, ambacho ubora wake siku zile haukuaminika.

Mwaka uliofuata Colt alitoa bastola iitwayo Dragoon, yenye silinda fupi zaidi na baruti pungufu. Uimara ulinunuliwa kwa nguvu. Feleji bora ndiyo iliyopunguza bei hiyo: bastola yake ya mwaka 1860, yenye mtutu wa kipenyo kile kile, ilikuwa na uzito wa kilo 1.2 tu. Hata hivyo mtutu wake ulishikwa kwa kabari, na juu ya silinda palikuwa wazi. Remington, mshindani wake, aliizungushia silinda fremu ya kipande kimoja. Na kampuni ya Colt, ambaye alikwisha fariki mwaka 1862, ilikuja kuifuata njia hiyo katika bastola yake mashuhuri ya mwaka 1873.

Kuta za silinda zilibaki kuwa mahali pa hatari. Elmer Keith, aliyepasukiwa na bastola ya 45 katika miaka ya 1920, alihamia ile ya 44, kwa kuwa tundu jembamba huacha ukuta mnene. Majaribio yake ndiyo yaliyoizaa 44 Magnum ya Smith & Wesson, mwishoni mwa mwaka 1955.

Feleji ya bastola hiyo haikuwa na lawama. Lakini walenga shabaha waliopiga risasi nzito kwa maelfu waliona viungo vyake vikilegea, na silinda mara nyingine ikirudi nyuma kwa kishindo. Ile ya Ruger ya mwaka 1956, nene na isiyo na madaha, iliyavumilia hayo vizuri zaidi. Smith & Wesson walikuja kuiimarisha ya kwao katika miaka ya 1980.